Skrini Halali na Skrini ya Faulo: Mwongozo kwa Refa Anayeanza

Kila mafunzo ya marefa wapya wa mpira wa kikapu yakimalizika hapa Mombasa, maswali yanayobaki midomoni kuhusu skrini (mchezaji kusimama njiani mwa mpinzani ili mwenzake apate nafasi) ni yale yale. "Alikuwa amesimama, sasa faulo iko wapi?" "Mbona mwenzetu kaangushwa chali na filimbi haikulia?" "Akipanua miguu je?" Nimechoka kuyajibu kwa ujumbe wa sauti, mtu mmoja mmoja, usiku wa manane. Nayaandika hapa mara moja, na atakayeuliza tena nitamtumia haya.

Mwongozo unafuata kanuni za FIBA, shirikisho la mpira wa kikapu la dunia, ndizo zinazotumika katika ligi zetu za Kenya. Kama umejifunza mpira wa kikapu kwa kutazama NBA kwenye televisheni, weka kando uliyoyaona kuhusu skrini. Wale wana kitabu chao, vyuo vya Marekani vina chao, na tofauti ndogo ndogo za vitabu hivyo ndizo zinazozusha mabishano mengi mtaani.

Jambo moja lishike kabla ya yote: skrini huamuliwa kwa yaliyotokea kabla ya watu kugongana. Kishindo hakikwambii mkosaji ni nani. Mtu anaweza kuangushwa kifudifudi na skrini halali kabisa, na mwingine akaguswa nyonga tu, asiyumbe hata kidogo machoni pa mashabiki, ikawa faulo ya wazi.

Unachohitaji

- Kitabu cha kanuni cha FIBA, toleo la karibuni. Kinapatikana bure kwenye tovuti yao. Kiweke kwenye simu. Kifungu cha 33 ndicho kinachohusu kugusana kwa wachezaji. Sehemu ya skrini ni fupi, usijipe kisingizio.
- Filimbi isiyo na kidonge ndani. Ya kidonge hukwama ikijaa mate.
- Kipande cha chaki, na uwanja wowote wa saruji.
- Wachezaji wanne wenye subira: wawili washambulie, wawili walinde.
- Simu, na mtu wa kurekodi akiwa amesimama begani kwako. Video iliyochukuliwa kutoka jukwaani huonyesha kile ambacho wewe ukiwa chini hukuweza kukiona, na haikufundishi kusimama mahali pazuri.

Ukipata nafasi, siku timu za KPA (Mamlaka ya Bandari ya Kenya) zinapocheza nyumbani katika ukumbi wa Makande, nenda ukakae. Usitazame mpira. Mchague mchezaji mmoja mrefu anayecheza karibu na kikapu, umfuate yeye peke yake robo nzima, dakika zote 10. Utaona kazi ambayo jukwaa zima halikuiona, na utaanza kuelewa kwa nini refa mzuri anaonekana kama hatazami mpira.

Kanuni kwa maneno machache

Skrini ni kumchelewesha au kumzuia mpinzani asiye na mpira asifike anapotaka. Si hila, ni sehemu ya mchezo. Mweka skrini anatakiwa awe amesimama tuli ndani ya silinda yake, miguu yote miwili ikiwa chini, wakati wa kugongana. Silinda ni nafasi ya kufikirika inayomzunguka mchezaji: mbele inaishia kwenye viganja vya mikono yake iliyokunjwa, nyuma kwenye makalio, pembeni kwenye ukingo wa nje wa mikono na miguu. Mikono haipaswi kutangulia mbele kupita miguu na magoti yake.

Juu ya hayo kuna suala la umbali, ambalo lina hatua yake hapa chini. Mweka skrini akiyatimiza yote, aliyewekewa skrini ndiye mwenye dhamana ya kugongana kokote kutakakotokea. Na kama hawakugusana, hakuna faulo ya skrini, hata mweka skrini angekuwa anakimbia kama anawahi feri.

Hatua kwa hatua

1. Mtafute mweka skrini kabla hajafika.

Ishara ziko nyingi ukizoea. Mchezaji mrefu anaondoka chini ya kikapu akipanda juu, yaani mbali na kikapu, bila kuomba pasi. Anakunja mikono kifuani akiwa bado anatembea. Mwenye mpira anapunguza kasi na kumsubiri, au ananyanyua ngumi. Ukiona lolote kati ya hayo, macho yahamie kwa mweka skrini na kwa mlinzi anayeendewa.

Mkiwa marefa wawili, mmoja hawezi kuona kila kitu, na wote wawili wakitazama mpira basi wachezaji wanane wanacheza bila refa. Kabla ya mechi kubalianeni: mpira ukiwa juu, refa wa nyuma anachukua mpira na skrini inayowekwa hapo kwenye mpira; refa wa mbele, aliye kwenye mstari wa mwisho, anachukua skrini zisizo na mpira chini ya kikapu na upande wa pili. Mazungumzo haya huchukua dakika chache na huokoa mechi nzima.

Onyo: kama kitu cha kwanza ulichokiona ni watu wawili wakigongana, umechelewa. Hujui mweka skrini alikuwa wapi kabla. Usipulize kwa kukisia. Faulo ya kukisia ni mbaya kuliko faulo iliyokupita, kwa sababu ile iliyokupita kocha atailalamikia mara moja, lakini ya kukisia hutaweza kuieleza.

2. Pata pembe ya kuona nafasi iliyo kati yao.

Unachotafuta ni mwanga kati ya miili miwili. Ukiwa umejipanga nao mstari mmoja, utaona mgongo mpana na kichwa kinachochungulia nyuma yake, basi. Sogea hatua moja au mbili kwa pembeni mpaka uone kifua cha mmoja, kifua cha mwingine, na pengo. Marefa wapya hupenda kukimbilia karibu. Ukaribu haukusaidii kama pembe ni mbovu. Hatua mbili za pembeni zina faida kuliko hatua kumi za mbele.

Ukiwa refa peke yako, kama inavyotokea kwenye mashindano ya mtaani, kubali kwamba utapoteza kitu. Ushauri wangu ni ukae juu kidogo, pembeni, nje ya mstari wa pointi tatu, upande uliko mpira, ili skrini ya kwenye mpira iwe mbele yako na skrini za chini ziwe bado ndani ya macho. Usisimame katikati kabisa ya uwanja. Hapo skrini nyingi zitakugeuzia mgongo. Na jua la alasiri lisikupige usoni ikiwa unaweza kuchagua upande.

3. Soma miguu kwanza.

Anzia chini. Miguu yote miwili iko chini? Imetulia? Watu wanauliza anatakiwa atulie kwa sekunde ngapi. Kanuni haina sekunde. Inataka awe ametulia wakati wa kugongana, na awe amempa mpinzani umbali unaostahili. Basi usihesabu kichwani, tazama.

Kutulia pia si kuwa sanamu. Anaruhusiwa kujikaza kupokea kishindo, kukunja mikono kulinda kifua au sehemu za siri, na mwili kuyumba kwa kupigwa. Asichoruhusiwa ni haya: kuchukua hatua ya mwisho ya pembeni kumkuta mlinzi anayepita, kuinua kisigino na kuuzungusha mwili wote, au kutoa mguu au goti likamkwaze mtu. Hatua ile ya mwisho ndiyo kesi ya kila siku. Skrini imewekwa vizuri, mlinzi ameisoma na kupinda kuikwepa, mweka skrini anaona kazi yake inaharibika, anasogea kidogo tu. Kidogo hicho ndicho faulo.

Kuhusu kupanua miguu: kanuni inasema nafasi kati ya miguu ilingane na urefu wa mchezaji. Mimi hutazama mabega. Miguu ikiwa chini ya mabega au imepita kidogo, sina swali. Ikiwa amejitanua kama anataka kuziba mlango wa ukumbi, na mlinzi akagonga paja lililo nje huko, kosa ni la mweka skrini hata kama hakusogea hata inchi. Lakini mlinzi yule yule akimgonga kifuani, miguu iliyopanuliwa haikumdhuru kwa lolote.

4. Pima nafasi aliyopewa mlinzi.

Hapa ndipo marefa wengi wapya hukwama, kwa hiyo twende polepole. Jiulize maswali mawili: mlinzi alikuwa amesimama au anakwenda? Na kama amesimama, skrini iliwekwa anapoona au asipoona?

Amesimama, skrini iko mbele yake au ubavuni: mweka skrini anaweza kukaribia anavyotaka, mradi asimguse. Pua kwa pua ni halali. Usikubali hoja ya "hakunipa nafasi", hakupaswa kumpa. Na usisumbuke na swali la kama kichwa cha mlinzi kiligeukia mpira. Ubavuni ni ndani ya macho yake, kutotazama ni shauri lake.

Amesimama, skrini iko nyuma yake asikoona: lazima apewe hatua moja ya kawaida. Yaani akigeuka na kuchukua hatua moja kuelekea skrini, asikutane na mwili. Akikutana nao kwenye hatua hiyo ya kwanza, faulo ni ya mweka skrini, hata awe amesimama imara kiasi gani. Kesi hii hupuuzwa sana, kwa sababu mweka skrini anaonekana hana hatia: katulia, mikono kifuani. Lakini amembandika mwenzake mgongoni.

Anakwenda: hapa unapima muda na umbali. Mkokoteni ulioshika kasi kwenye mteremko hausimami pale pale alipoamua mwenye kuusukuma, na mlinzi anayekimbia ni vivyo hivyo. Kadiri anavyokwenda kasi ndivyo anavyohitaji nafasi zaidi ya kusimama au kubadilisha njia. Kanuni imeweka mipaka: nafasi hiyo haipungui hatua moja ya kawaida wala haizidi mbili. Mlinzi anayetembea, hatua moja inatosha. Anayekimbia mbio zote kumfuata mpigaji anayezunguka nyuma ya kikapu, apewe mbili. Zaidi ya mbili hadai mtu, hata akimbie vipi.

Sasa, kosa la kinadharia ambalo nalisikia hata kwa makocha. Wanasema, "Kwenye mpira hakuna muda wala umbali." Sentensi hiyo ni kweli kwa mchezaji anayeushika au kuudunda mpira mwenyewe: huyo anatakiwa awe tayari kuzibwa wakati wowote. Mlinzi wake hana mpira. Skrini ikiwekwa dhidi ya mlinzi wa mwenye mpira, mlinzi huyo ana haki zake zote za muda na umbali. Ukilichanganya hili, skrini zote za juu utaziamua vibaya.

Mazoezi ya hatua hii ni ya chaki. Msimamishe mlinzi, mwambie achukue hatua yake ya kawaida kurudi nyuma, chora mstari unyayo unapoishia. Mweka skrini asimame ndani ya mstari, kisha nje, kisha juu yake, na wewe utazame kutoka ubavuni mpaka jicho lijue tofauti bila chaki. Halafu rudia mlinzi akitembea, kisha akikimbia. Badilisha wachezaji: hatua ya kawaida ya kijana mrefu wa chuo kikuu si ya msichana wa sekondari, na kanuni haikutaja sentimita.

Onyo: usipime umbali kutoka pale mlinzi alipogonga. Pima kutoka pale alipokuwa skrini iliposimama. Huo ndio muda aliokuwa nao.

5. Panda juu: nyonga, kiwiko, mikono.

Miguu ikiwa salama, juu kunaweza kuwa na faulo. Nyonga ndiyo silaha ya wazoefu. Mguu hautoki, ila kiuno kinatolewa nje mlinzi anapopita. Tazama bega la mlinzi: likigongwa na kitu kilichotoka kando, halikugonga kifua wala mkono uliokunjwa. Kisha viwiko. Vikiwa vimebana mbavuni, sawa. Vikipanuliwa kama mbawa, ni nje ya silinda, na ukiona kimefunguka wakati wa kugongana usisite. Na mikono: mweka skrini anayemshika mlinzi jezi au kumkumbatia kiuno, hata kwa sekunde moja, hana cha kujitetea.

6. Jiulize kama kugusana kumebadilisha kitu.

Siyo kila kugusana kunastahili filimbi. Mweka skrini amesogea kidogo upande wa pili wa uwanja, mlinzi kaguswa bega akaendelea, mpira haukwenda kule wala haukukusudiwa kwenda kule. Acha, ila kumbuka namba yake, na mpira ukitoka mwambie kwa sauti ya chini, "Namba 12, tulia kwenye skrini zako." Wengi husikia. Lakini skrini hiyo hiyo ikimpa mpigaji nafasi ya wazi ya pointi tatu, ni faulo, kwa sababu faida imetoka kwenye kosa.

Kuna kitu ambacho hakiachwi hata kikiwa hakikubadilisha mchezo: ubabe. Mweka skrini anayemfuata mlinzi na kumpiga bega au kiwiko kwa nguvu iliyopita kiasi amefanya faulo isiyo ya kimichezo, na adhabu yake ni mitupo huru 2 pamoja na mpira. Ukiiacha ya kwanza, ya pili italipiziwa upande mwingine, na mechi itakuponyoka.

7. Puliza, onyesha, ripoti.

Filimbi moja kali, ngumi juu kusimamisha saa. Nenda mahali ambapo watunza alama mezani wanakuona vizuri, onyesha namba, kisha mikono yote miwili kiunoni. Ndiyo ishara ya skrini haramu, sawa na ya kumziba mtu njia. Malizia kwa ngumi iliyofumbwa ukiielekeza upande ambao timu nyingine sasa itashambulia, kuonyesha kwamba faulo ni ya timu iliyokuwa na mpira.

Mpira unakwenda kwa wapinzani, wanarusha kutoka nje karibu na ilipotokea faulo. Hakuna mitupo huru, hata kama timu ile imeshapitisha faulo 4 za robo. Msimamizi wa meza mgeni hukosea hapa, kwa hiyo mtazame usoni na useme. Faulo yenyewe inahesabiwa kwa mchezaji (ya 5 anatoka) na kwa timu. Na kama mpira ulikwishatoka mkononi mwa mpigaji ulipopuliza, kikapu kikiingia kinahesabiwa. Kama ulikuwa bado mkononi mwake, hakihesabiwi.

8. Usiondoe macho mapema.

Skrini ina mkia. Baada ya kugongana, mweka skrini anageuka kwenda kikapuni, mlinzi wake anamshika mkono kimya kimya, mlinzi mwingine anambana kwa mwili. Refa mpya anakuwa ameshafuata mpira. Baki na wawili hao mpaka waachane. Faulo nyingi za ulinzi zinazoibiwa kwenye uwanja zimejificha kwenye nusu sekunde hiyo.

Hali tatu zinazowachanganya wapya

Mchezaji mrefu ameshika mpira, mwenzake anapita karibu yake na kuuchukua mkononi. Mlinzi anamfuata mpitaji na kugongana na mrefu. Kama mrefu alikuwa ametulia, hakuna kitu dhidi yake. Lakini baada ya kuuachia mpira amekuwa mweka skrini kama wengine, na tabia ya wengi ni kugeuza kiuno kumfuata mlinzi wakiachia. Tazama kiuno, usitazame mpira unaobadilisha mikono. Kwangu mimi hii ndiyo skrini haramu isiyopulizwa kuliko zote katika mechi za vijana wetu.

Ya pili ni mweka skrini anayeondoka mapema, kabla ya mlinzi kufika. Akiteleza kwenda kikapuni bila kugusana, ni mchezo mzuri. Akiondoka na kumgonga mlinzi njiani, alikuwa anakwenda: faulo. Ila mlinzi akimgonga kwa nyuma mchezaji anayeondoka zake, usimgeuzie kibao mshambulizi.

Ya tatu, skrini mbili mfululizo. Ya kwanza huwa nzuri kwa sababu kila mtu anaitazama. Ya pili ndiyo inayosogea. Mkiwa wawili, mmoja achukue ya pili kwa makusudi.

Na usisahau upande wa ulinzi. Mlinzi aliyeiona skrini halali na bado akaisukuma kwa mikono, au akapita katikati ya mtu, amefanya faulo yeye. Marefa wapya wanaingia wakitafuta makosa ya mweka skrini tu, na baada ya robo moja walinzi wanagundua kwamba wanaweza kumpiga watakavyo. Ila mlinzi aliyegonga skrini asiyoiona, akajizuia mara tu alipoguswa, mimi humwachia mchezo uendelee, hata kama kishindo kilisikika mpaka barabarani.

Mambo yakienda kombo

*Kocha anapiga kelele "anatembea huyo!" kila skrini.* Mjibu mara moja, kwa heshima na kwa ukweli wa alichokifanya mchezaji: "Kocha, alikuwa ametulia na mlinzi wako alimwona." Usijibu "nimeona mwenyewe" au "mimi ndiye refa." Akirudia, nyamaza. Akizidi mpaka, kuna adhabu ya benchi, lakini mpe kwanza nafasi ya kutulia.

*Mchezaji anajiangusha kila akigusa skrini.* Onyo kwanza, na timu yake ijue. Akirudia, faulo ya kiufundi, mtupo huru 1 kwa wapinzani. Usimpe faulo aliyoitafuta kwa sababu tu kelele zilikuwa kubwa.

*Wewe umepuliza dhidi ya mweka skrini, mwenzako dhidi ya mlinzi.* Kabla ya kuonyesha ishara yoyote, tazamaneni. Ndiyo maana ngumi hubaki juu kidogo. Aliyekuwa na wachezaji hao kwenye eneo lake achukue uamuzi, na kama kulikuwa na faulo mbili kweli, iliyotangulia ndiyo inayoamua. Mkishaonyesha ishara mbili tofauti mbele ya watu, hakuna mazungumzo yatakayowaokoa.

*Umepuliza faulo, na mlinzi kumbe hakuguswa.* Kesi hii hutokana na kutazama miguu peke yake. Rudi mazoezini na uanze kusema kimoyomoyo "miguu, nafasi, kugusana", kwa mpangilio huo, na filimbi isifike mdomoni kabla ya neno la tatu.

*Robo ya kwanza umeacha skrini zinazosogea, sasa zimezidi.* Usipulize ghafla ile ya dakika ya mwisho ya mechi, ilhali umeiruhusu mechi nzima. Anza robo inayofuata. Wape manahodha wote wawili taarifa wakati wa mapumziko, kisha ya kwanza itakayokuwa wazi, piga. Na usilipize upande wa pili faulo isiyokuwepo ili mizani ilingane. Wachezaji huitambua haraka kuliko unavyodhani.

*Uwanja wa nje umelowa jasho au manyunyu, kila mtu anateleza.* Mweka skrini aliyeteleza akamgonga mlinzi hakuwa ametulia, kwa hiyo faulo ni yake hata kama hakukusudia. Lakini kabla mchezo haujaanza, zungukia uwanja na waandaaji, futeni sehemu zinazoteleza. Kama haziwezi kukauka, mechi isubiri.

*Wachezaji wa timu zote mbili wanasema hawajui unapiga nini.* Mara nyingi tatizo liko kwenye ishara, wala si kwenye uamuzi. Mwambie anayekurekodi aonyeshe mikono yako tu, uitazame ukiwa nyumbani. Kama wewe mwenyewe, ukiwa umezima sauti, huwezi kusema ilikuwa faulo ya nani na mpira unakwenda wapi, anza hapo kabla ya kurudi kwenye kifungu cha 33.